Pointi za marehemu: usiseme "funga akaunti" kabla ya kuuliza

Pointi za kadi ya mkopo huku Marekani, yaani zawadi unazopewa kwa kutumia kadi, si mali kwa maana tunayoizoea. Masharti ambayo kila mtu huyakubali bila kuyasoma husema, karibu yote, kwamba pointi si za mwenye kadi. Ameruhusiwa tu kuzitumia, tena akaunti ikiwa hai na deni halijachelewa. Ndiyo maana mtu anaweza kufa na pointi 200,000, ambazo kwa senti moja kila pointi ni dola 2,000, na familia isipate kitu, huku kwenye kundi la WhatsApp michango ya kusafirisha mwili bado inasuasua.

Wengi huziua pointi hizo kwa simu moja. Kila ukoo una ndugu mwenye bidii. Msiba una siku mbili, yeye ameshapiga namba iliyo nyuma ya kadi: "Ndugu yetu ametutoka, naomba mfunge akaunti." Mhudumu anatoa pole kwa sauti ya kusoma karatasi, anafunga. Katika programu nyingi za pointi, akaunti ikifungwa kabla pointi hazijashughulikiwa, zinaondoka nayo, na kuzirudisha ni kuomba hisani, si haki. Basi neno "funga" lisitamkwe. Toa taarifa ya kifo, uliza habari za pointi, kufunga kuje mwisho.

Kunyamaza nako hakusaidii. Nyumba ya mazishi hupeleka taarifa Social Security, idara ya serikali ya hifadhi ya jamii, na kutoka huko habari hufika benki bila ninyi kusema neno. Nchi hii huandikisha kifo kabla matanga hayajaanza. Kwa hiyo fungua masharti ya programu mapema, utafute ndani yake maneno "death", "deceased" na "estate". Utakuta moja kati ya haya: pointi zinafutika, au msimamizi wa mirathi anaweza kuzitumia, au zinageuzwa pesa au kukatwa kwenye deni. Ndipo upige simu, uombe idara inayoshughulikia wateja waliofariki, uulize: zipo pointi ngapi, nani anaruhusiwa kuziomba, na mwisho lini. Andika tarehe na jina la uliyeongea naye. Kisha peleka ombi lilelile kwa barua, maana simu haiachi ushahidi mkononi mwako.

Halafu kuna nywila. Imeandikwa kwenye daftari la marehemu, kijana wa nyumbani anaijua, na wazo linakuja: tumkatie mama tiketi ya kuusindikiza mwili. Msifanye hivyo. Benki inaona akaunti imefunguliwa baada ya tarehe ya kifo, tiketi inaweza kufutwa, na atakayeachwa uwanjani ni mjane. Kadi yenyewe ni hatari zaidi. Ile tunayoiita "kadi ya mama", yenye jina lake juu, mara nyingi ni ya mtumiaji wa ziada tu, yaani aliyeongezwa kwenye akaunti ya mwingine. Mwenye akaunti akifa, hiyo nayo imekufa, na kuitumia huku ukijua amekufa kunahesabika kuwa ulaghai. Jina kwenye plastiki halimfanyi mtu mwenye pointi.

Kosa jingine linatokana na ushauri wa mitaani: hamishia pointi kwenye maili za ndege kwanza, yaani pointi za shirika la ndege, "zitakuwa salama". Zikishahamia kwenye akaunti ya maili ya marehemu hazirudi, na sasa zinatawaliwa na masharti ya shirika la ndege. Delta imeandika kwamba maili hazirithiwi. American Airlines inaweza kuwapa waliotajwa kwenye wosia, lakini kwa hiari yake.

Kuhusu karatasi, wale wa nyumbani wapoe kidogo. Muhtasari wa kikao cha ukoo, hata uteuzi wa Mahakama ya Mwanzo au hati ya mirathi kutoka Nairobi, kwa kawaida havimtikisi karani wa benki huku. Anataka hati ya mahakama ya mirathi ya jimbo alikoishi marehemu. Mali ikiwa kidogo, majimbo mengi yanakubali kiapo cha mirathi ndogo, yaani tamko la maandishi la mrithi, badala ya kesi nzima. California ni lazima zipite siku 40 tangu kifo. Agizeni nakala kumi za cheti cha kifo zenye muhuri, fotokopi hazitoshi. Raia wa Marekani akifia kwetu, nje ya Marekani, ubalozi wa Marekani hutoa ripoti ya kifo inayofanya kazi hiyo. Mwenye green card, yaani kibali cha ukaazi tu, hapati.

Deni nalo lina mkasa wake. Kwetu ni aibu maiti kuzikwa anadaiwa, basi ndugu wanachanga kulipa kadi. Nia njema, ila deni hilo hulipwa na mirathi, si na ndugu, isipokuwa aliyekuwa mmiliki mwenza wa akaunti au, mara nyingi, mwenzi katika majimbo kama California na Texas. Hatari iko kwenye safari: familia inaenda kuzika, inakaa hadi arobaini, inarudi na kukuta bili mbili zimepita na pointi zimefutwa kwa kuchelewa. Kabla ya kupanda ndege, msimamizi aombe benki kiasi cha deni kwa maandishi. Sheria inaipa siku 30 kujibu, na baada ya ombi hilo hairuhusiwi kuongeza ada.

Aliye hai, hasa aliye mgonjwa, asirundike pointi kama akiba ya harusi. Kati ya watoa kadi, Capital One inaruhusu kumpa pointi mteja mwingine wa kadi zake. Chase inaruhusu mtu mmoja wa nyumba moja. Amex (American Express) hairuhusu kumpa mtu pointi, ila unaweza kuzipeleka kwenye akaunti ya maili ya mtumiaji wa ziada aliyekuwa kwenye akaunti yako angalau siku 90, kwa hiyo mwongezeni mapema, msingoje wodi. Na kama hamna safari karibuni, zigeuzeni pesa kila baada ya miezi michache, ziingie kwenye akaunti ya benki yenye majina mawili.