Anza na karatasi nne: kuandika kitabu chako cha kwanza cha picha

Wengi wanaoniletea hadithi za watoto huwa wameshamtafuta mchoraji kabla maneno hayajatulia. Mchoraji asubiri kwanza.

1. Mjue msomaji. "Watoto" si jibu. Wa chekechea anasomewa, kwa hiyo mpe mdundo, takriri na tanakali za sauti: chubwi! parakacha! Wa darasa la pili anasoma mwenyewe, na neno kama "aliyemnyang'anya" lina silabi saba, atakwama katikati. Mvunjie: "Juma alichukua mpira. Mpira wa Neema."

2. Kunja karatasi. Weka karatasi nne za A4 moja juu ya nyingine, zikunje katikati, piga pini mgongoni. Umepata kurasa 16. Vitabu vya kupigwa pini huenda kwa mafungu ya kurasa nne, kwa hiyo mswada wa kurasa 13 utakusumbua kiwandani. Ukurasa wa 1 ni jina la kitabu, wa 2 ni hakimiliki na ISBN (namba ya utambulisho wa kitabu). Zinazobaki ndizo za hadithi.

3. Andika kwa penseli, sentensi moja au mbili kila ukurasa. Hapa ndipo penye kazi. Ukurasa wa kulia umwache mtoto na hamu ya kufunua. Tuseme wa 7: "Zaituni akasukuma mlango wa banda. Mbuzi hayupo! Na kanga ya Bibi je?" Funua wa 8: "Foleni ya maji ilikuwa ndefu." Basi. Mbuzi aliyejitanda kanga katikati ya ndoo ataonekana kwenye picha. Ukimtaja umempora mchoraji kazi, na umemnyima mtoto raha ya kumgundua.

Na ile "hadithi hii inatufundisha…" ya mwishoni, futa. Tumekulia nayo, najua. Futa tu.

4. Mpe mtu mwingine asome kwa sauti. Wewe kaa nyuma na penseli. Weka alama msomaji anapojikwaa na watoto wanapoanza kutazama dirishani. Usiwaulize kama imependeza, wataitikia "Ndiyooo!" kwa chochote.

5. Peleka. Mchapishaji mtumie mswada uliopigwa chapa, ukionyesha kila ukurasa unapoanzia. Kwa kawaida mchapishaji ndiye humtafuta mchoraji. Ukijichapishia, andikishaneni na mchoraji: picha ni za nani, zikichapwa tena analipwaje. ISBN kwa Tanzania hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba. Ukilenga shule, kuna ithibati, yaani kibali cha kitabu kutumika shuleni, ya TET (Taasisi ya Elimu Tanzania). Kwa Kenya, ithibati ni ya KICD, taasisi ya kukuza mitaala.

Huna mtaji? StoryWeaver, tovuti ya hadithi za watoto, inapokea hadithi bure. Ila leseni yake ni ya wazi: yeyote anaweza kuitafsiri, kuichapa, hata kuiuza, mradi akutaje. Hadithi unayotegemea ikulipe, usiipandishe huko.