Kamera tatu za waifai kwa mama, Tanga

Mama anaishi Chumbageni na dada anayemsaidia kazi. Mimi niko Dar es Salaam, saa sita za basi. Jirani alipoibiwa pampu ya maji usiku wa manane, nilibeba kamera tatu kwenye begi nikapanda basi: moja ya geti, moja ya uani, moja ya baraza. Nilidhani ni kazi ya siku moja, kumbe imenichukua karibu mwaka mzima kuziweka sawa. Nakuandikia ili wewe umalize kwa wikiendi.

Tuanze dukani. Neno "bila waya" limewaponza wengi. Kinachosafiri bila waya ni picha. Kamera yenyewe bado inataka umeme. Zipo za betri kweli, lakini hizo hulala ili zisimalize chaji, huamka kitu kinapopita, na nyingi hazikubali kuungwa na mtambo mwingine wa nyumba. Kama unataka taa, king'ora na kamera visikilizane, nunua ya kuchomeka kwenye soketi, na kwenye boksi lake tafuta RTSP na ONVIF. RTSP ni njia ya kamera kurusha picha ndani ya mtandao wa nyumba. ONVIF ni lugha ya pamoja iliyoanzishwa mwaka 2008 na Axis, Bosch na Sony, ili kamera ya kiwanda hiki ielewane na mtambo wa kiwanda kile. Bila hizo utaiona picha kwenye simu, ila taa ya baraza haitajua kamera imeona nini.

Kabla ya kutoboa ukuta, simama na simu pale pale utakapofunga kamera, ufungue video. Ikisuasua kwenye simu, kwenye kamera itakuwa mbaya zaidi. Kamera nyingi za bei ya kawaida hutumia waifai ya 2.4 GHz tu, na hiyo ndiyo inayopenya kuta vizuri kuliko ile ya 5. Nondo, tofali na mabati huila. Geti la mama ni la chuma, na kamera niliyoifunga nyuma yake ilikuwa inakatika kila dakika. Nilipoipandisha juu ya nguzo, mita mbili na nusu hivi kutoka chini, ikatulia.

Ubongo wa nyumba ni Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo ya kiganjani, yenye Home Assistant, programu ya bure inayofanya kazi humo humo ndani hata intaneti isipokuwepo. Kamera zangu ni za Tapo, basi nakueleza za Tapo. Nyingine hufuata njia hiyo hiyo, ila namba na anwani za kuandika zinaweza kutofautiana. Kwanza iunge kamera na waifai kwa programu yake ya simu. Kisha ingia mipangilio ya juu, utengeneze akaunti ya kamera, jina na neno la siri tofauti na lile unaloingilia kwenye programu. Ukiwa kwenye Home Assistant, ongeza ONVIF, andika anwani ya kamera (namba yake kwenye mtandao wa nyumba), mlango (port) namba 2020, na akaunti ile. Ukitaka kuhakikisha picha inatoka, fungua VLC, programu ya kutazama video, kwenye kompyuta uandike rtsp://jina:neno@192.168.1.51:554/stream1, ukiweka jina, neno na anwani yako. Ukibadilisha 1 ya mwisho kuwa 2 unapata picha nyepesi, nzuri ya kutazama kwenye simu.

Hiyo anwani ndiyo iliyonitia aibu. Umeme ulikatika, ukarudi, ruta ikazigawia kamera anwani upya. Mtambo ukawa unagonga nyumba isiyo na mtu. Siku nne kamera ya uani haikuwa inaonwa na chochote, na mimi Dar nimekaa nimetulia kwa sababu simu haikulia. Ingia kwenye ruta, uifungie kila kamera anwani yake ya kudumu, kazi ya dakika tano. Halafu weka kanuni ili kimya chenyewe kikustue: kamera ikipotea kwenye mtandao kwa dakika 10, nitumie ujumbe.

Sasa kanuni zenyewe. Ya kwanza niliandika hivi: jua likishazama, kamera ya baraza ikiona mwendo, washa taa ya baraza. Ikaja mvua ya kwanza ya vuli. Kumbikumbi mmoja akapita mbele ya kamera, taa ikawaka, taa ikaita kumbikumbi wenzake, kamera ikaona mwendo zaidi, taa ikazidi kubaki inawaka. Nilipoamka nilikuta ujumbe 63 kwenye simu na mama amekasirika. Dawa ilikuwa mbili. Nilihamisha taa ikakaa mita tatu kutoka kwenye kamera, na nikabadilisha kanuni isubiri kamera iseme "mtu", si "mwendo". Kama kamera yako haina uwezo wa kutambua mtu, walau chora eneo la kuangaliwa, uache nje matawi ya mwembe na barabara.

Kanuni ya sasa ni hii: kuanzia jua kuzama hadi kuchomoza, ikiona mtu, washa taa dakika 5, nitumie picha. King'ora hakilii kwa neno la kamera peke yake. Kinalia kamera ya uani ikiona mtu na kitambuzi cha mlango wa uani kikafunguka, kati ya saa 5 usiku na saa 10 alfajiri. Saa 11 mama anaamka kuswali, na hakuna anayetaka kupigiwa king'ora akienda kutawadha.

Taa ilinipa somo lake. Niliweka balbu ya Zigbee, yaani inayoamrishwa na mtambo kwa mawimbi ya redio, lakini kila jioni haikuitika. Nikapiga simu.

"Mama, umezima swichi ya ukutani?"

"Nimezima ndiyo. Taa gani hiyo isiyozimwa, mwanangu? Luku nanunua mimi."

Balbu janja ikizimiwa ukutani imekufa, haisikii amri ya mtu. Usishindane na mazoea ya mzee. Badilisha swichi yenyewe iwe ya Zigbee, balbu ibaki ya kawaida. Mama anabonyeza kama zamani na mtambo nao unaweza kuwasha. Mwambie fundi afungue boksi la swichi kabla hujanunua: nyumba nyingi hazina waya wa nyutro pale, na zipo swichi za aina hiyo zisizouhitaji.

Rekodi weka kwenye memori kadi ndani ya kamera. Hesabu ni nyepesi: picha inayotoka kwa megabiti 2 kwa sekunde hula takriban GB 21.6 kwa siku, basi kadi ya GB 128 inakupa kama siku tano na ushee kabla haijaanza kufuta za zamani. Ukizirusha hizo zote kwenye hifadhi ya mtandaoni, bando lote ndilo limekwenda.

Umeme ukikatika giza linamfaa mwizi, na kamera nayo inakuwa imezimika. Nilinunua UPS ndogo ya ruta, yaani betri ya akiba. Soma chaja zako kwanza kwa sababu kamera hula volti 5, 9 au 12, kila moja na yake. Ile yenye mAh 8,000 huhesabiwa kwa volti 3.7 ya betri ya ndani, yaani wati-saa 30 hivi. Ruta na kamera moja zikila wati 9, unapata kama saa tatu, si zaidi. Mimi naipa ruta na kamera ya geti. Pi ina yake.

Kutazama ukiwa mbali, usifungue mlango wa ruta kwa dunia nzima. Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kiliteka kamera na ruta nyingi ambazo wenyewe waliziacha na maneno ya siri ya kiwandani. Tumia Tailscale, programu inayounganisha vifaa vyako kwa njia ya faragha: unaiweka kwenye Pi na kwenye simu, na inapita hata kwenye intaneti ya laini ya simu, ambayo mara nyingi haikupi anwani ya hadharani.

Dada wa kazi nilimwonyesha kila kamera inaona wapi, na kwenye picha ya kamera ya uani nimeziba kwa kivuli cheusi upande wa bafu la nje na dirisha la jirani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo, lakini hata isingekuwepo, huyu ni mtu anakaa na mama yangu. Ndani ya nyumba hakuna kamera.

Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi mama anazima swichi kuu. Mimi huku natazama: picha ya geti ibaki, ujumbe wa kamera ya uani kupotea uje baada ya dakika 10. Akiwasha, kamera zote tatu zirudi zenyewe bila kuguswa. Wakati tunasubiri dada anapanda stuli, anafuta utando wa buibui kwenye kioo kwa kitambaa kikavu.