Mtoto ameugua asubuhi ya GCSE: jinsi ya kumwombea afikiriwe

Saa moja na dakika ishirini asubuhi binti yangu alikuwa amekaa sakafuni bafuni, ndoo mapajani, uso umempauka. Kile kifuko cha plastiki cha kalamu, kinachoonyesha ndani, kilikuwa mlangoni juu ya viatu vyake. Karatasi ya kwanza ya Hisabati ya GCSE, mitihani wanayofanya watoto wa miaka 16 hapa Uingereza, ilikuwa inaanza saa tatu kamili. Nilipiga ile namba ya kuripoti watoto wasiofika shule, nikaacha ujumbe kwamba mtoto anaumwa, nikamlaza na kumkorogea uji. Moyoni nilishasema basi tena, mwaka kesho. Kwetu Tanzania ndivyo tulivyozoea: mtahiniwa akiugua na uthibitisho upo, Baraza la Mitihani, NECTA, humpa nafasi ya kufanya mwaka unaofuata.

Saa nne na robo ofisa mitihani wa shule akanipigia kuuliza mtoto yuko wapi. Ujumbe wangu ulikuwa bado umelala kwenye mashine ya mapokezi. Ndipo nikajua kwamba huku mambo hayaendi kama kwetu, na kwamba yale masaa karibu matatu niliyokaa kimya yalikuwa na kazi yake.

Naandika haya kwa wazazi wenzangu wenye watoto wa Year 11, mwaka wa GCSE, na Year 13, mwaka wa A-level. Ni kwa mitihani ya GCSE na A-level. Scotland wana mitihani yao na taratibu zao.

Simu ya kwanza

Piga simu, na uongee na mtu. Usiache ujumbe. Unayemtafuta si mwalimu wa darasa wala wa somo, ni ofisa mitihani, na kila shule lazima iwe naye. Namba yake na barua pepe yake viombe mwezi Aprili, wakati mtoto bado mzima, maana asubuhi ya shughuli mapokezi watakuzungusha.

Mweleze hali ilivyo, kisha muulize: akija, anaweza kukaa chumba cha peke yake, karibu na choo, na kupewa mapumziko? Asipoweza kutoka, msimamizi anaweza kuja kumsimamia nyumbani au hospitalini? Hilo la pili wengi hatulijui, lakini kanuni zinaliruhusu, na shule ndiyo inayolishughulikia. Aliyevunjika mkono naye anaweza kupewa wa kumwandikia au kompyuta, hata kama ajali ilitokea juzi.

Angalia na saa. Mitihani ya asubuhi huanza saa tatu, ya mchana saa saba na nusu. Kwa karatasi ya saa moja au zaidi, mtoto akifika zaidi ya saa moja baada ya kuanza, shule inaweza kumwachia aandike lakini bodi ina haki ya kuikataa kazi yake. Kwa binti yangu, ofisa aliponipigia saa nne na robo, saa hiyo moja ilikuwa imeshapita.

Aende au abaki?

Hapa ndipo penye uamuzi mgumu, na inabidi uamue haraka huku mtoto analia.

Utaratibu wenyewe huitwa special consideration. Yashike maneno hayo mawili kama yalivyo, kwa sababu ndiyo utakayoyatamka shuleni. Ni kuiomba bodi ya mitihani, iwe AQA, OCR, Pearson Edexcel au nyingine, impime mtoto kwa kuzingatia maradhi au msiba uliomkuta wakati ule ule wa mtihani. Kanuni ni za pamoja, zimewekwa na JCQ, baraza linalounganisha bodi hizo, na zina njia mbili.

Ya kwanza ni ya aliyefanya mtihani akiwa mgonjwa. Huongezewa asilimia kidogo ya alama za karatasi ile. Juu kabisa ni asilimia 5, nayo ni ya mambo mazito kama kufiwa na mzazi siku hizo hizo. Aliyefanyiwa upasuaji mkubwa karibu na mtihani yuko kwenye 4. Pumu kali, kifafa au kisukari vikimlipukia wakati huo, ni 3. Ugonjwa wa kawaida wa siku ile ni 2, na kichwa kuuma au mafua ya chavua ni 1. Piga hesabu: karatasi ya Hisabati ya GCSE ya AQA au Edexcel ina alama 80, kwa hiyo asilimia 2 ni alama moja na nusu hivi. Nawasikia wazazi wakisema wataongezewa gredi. Hapana. Ni alama moja na nusu.

Ya pili ni ya aliyekosa karatasi kabisa kwa sababu inayokubalika. Bodi hukokotoa gredi kutokana na karatasi alizofanya, mradi zifike angalau asilimia 25 ya somo zima. Hiyo robo ndiyo ya kuishika kichwani. Hisabati kwa kawaida ina karatasi tatu. Binti yangu alikosa moja akabaki na mbili, hana neno. Lugha ya Kiingereza ina mbili, moja inatosha. Sayansi ya pamoja, ile inayohesabiwa kama GCSE mbili, kwa kawaida ina sita, kwa hiyo moja haitoshi, anahitaji mbili. Kazi aliyoifanya mwaka mzima shuleni nayo imo kwenye hesabu: Ubunifu na Teknolojia, kwa mfano, nusu ya alama zake hutoka kwenye mradi. Lakini aliyekosa karatasi zote za somo, na hana kazi nyingine ya kuhesabiwa, hapewi kitu. Hakuna wa kumkisia gredi kwa alama za mock, ile mitihani ya majaribio ya shule.

Kwa hiyo mtoto akilazwa wiki mbili, usipigane apate kufanya kila karatasi. Chukua ratiba, kaa na ofisa mitihani, chagueni karatasi ambazo kila somo likipata litavuka robo, na nguvu alizonazo azipeleke huko. Ama yule wa tumbo la siku moja, anayeweza kukaa saa moja na nusu na mfuko wa kutapikia karibu, mimi ningempeleka. Wa homa kali au maumivu ya selimundu, nisingethubutu.

Ushahidi

Uandike siku ile ile: saa ngapi ilianza, ulimpigia nani, dawa gani ulimpa. Kama ulipiga 111, namba ya ushauri wa afya, au ulikwenda hospitali, tunza karatasi yoyote utakayopewa, hata ile ya kuruhusiwa kutoka. Usikimbilie kwa GP, daktari wenu wa mtaani, kutafuta barua. Wengi hawaandiki barua za mitihani ya shule, na wakiandika ni za kulipia. JCQ wana Fomu 14 ambayo mtahiniwa mwenyewe hujieleza na kutia sahihi. Shule ndiyo inayo, iombe.

Mwenye maradhi ya kudumu ni habari nyingine. Selimundu, pumu, kisukari, wasiwasi uliokwisha kupata matibabu: hayo yanatakiwa yapangiwe mapema, dirisha la maombi kwa mitihani ya kiangazi kwa kawaida likifungwa tarehe 21 Machi. Mapumziko ya katikati na chumba tulivu vitamsaidia kuliko asilimia 3 za baadaye. Special consideration ni ya pale maradhi yale yanapopanda ghafla siku ya mtihani. Najua sisi tuna tabia ya kuficha selimundu ya mtoto ili asionekane dhaifu. Shule isiyojua haiwezi kumwombea.

Anayeomba ni shule

Wewe huna pa kujaza. Ofisa mitihani ndiye anayepeleka ombi kwa bodi, uongozi wa shule ukiwa umeridhika kwamba lina ukweli. Kazi yako ni kumpa kila kitu kwa barua pepe ili kuwe na maandishi: jina la mtoto, namba yake ya mtahiniwa yenye tarakimu nne, somo, karatasi ya ngapi, tarehe, asubuhi au mchana, kilichotokea kwa sentensi tatu, na picha ya ushahidi. Taja kila karatasi peke yake. Masomo yake yanaweza kuwa kwa bodi tofauti, na ombi la moja halivuki kwenda jingine.

Muda ni siku saba baada ya karatasi ya mwisho ya somo, lakini shule nyingi hutaka kabla ya hapo. Mimi nilituma mchana ule ule, nikauliza tena baada ya siku tatu kama limeshapelekwa. Halikuwa limepelekwa. Waliomba radhi, likapelekwa Ijumaa.

Shule ikikataa kuomba, iulize utaratibu wake wa rufaa za ndani. Lazima iwe nao kwa maandishi. Bodi ikikataa, rufaa hupitia shule. Ombi likikubaliwa, usitarajie kuambiwa mtoto kaongezewa alama ngapi. Hawasemi. Kwa wa Year 13, kiandikie chuo alichoomba kabla ya matokeo ya Agosti. Baada ya hapo nafasi huwa zinaisha upesi.

Gredi ikiwa haikuja, Hisabati na Lugha ya Kiingereza hurudiwa Novemba. Masomo mengine ni kiangazi kijacho. Ile siku ya akiba mwishoni mwa Juni inayoonekana kwenye ratiba si ya wagonjwa: imewekwa kwa dharura ya nchi au eneo zima. Hata hivyo usikate tiketi ya kusafiri Dar siku za kabla yake.

Wa Year 6

SATs, majaribio ya mwisho wa shule ya msingi, zina njia yake, nayo ni rahisi zaidi. Mwalimu mkuu huomba kubadilishiwa ratiba, na mtoto anaweza kufanya jaribio hilo hadi siku tano za shule baada ya tarehe yake. Sharti ni kwamba asikutane na waliokwisha kulifanya, wala asiingie mtandaoni kulitafuta. Mdogo wake binti yangu anafanya Mei hii. Kumweka mbali na wenzake nitaweza. Simu ndiyo itakayonitoa jasho.