Kwenda Moshi kula Krismasi na watoto wadogo: maandalizi, safari na siku za kukaa kihambani

Kila mwaka shule zikishafungwa mwezi Desemba, familia nyingi za Wachaga wanaoishi Dar es Salaam, Dodoma, Mwanza na kwingineko huanza kupanga safari ya kwenda nyumbani Kilimanjaro, kihambani, yaani kwenye shamba la migomba la ukoo. Kwa mtu mzima safari hiyo haihitaji maelezo: anakwenda kuwaona wazazi, kukaa na ndugu, kumaliza mambo ya ukoo yaliyosubiri mwaka mzima. Kwa mtoto wa chini ya miaka sita mambo ni tofauti, kwa sababu kitanda si chake, baridi hajaizoea, watu asiowajua wanagombea kumbeba, na chakula cha sikukuu huenda kikaiva saa tisa alasiri. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wazazi wa watoto wa umri huo. Shauri lake kubwa ni kwamba katika nyumba iliyojaa watu, mtoto mdogo awe na mtu mmoja anayejulikana kwa jina kuwa ndiye anayemwangalia saa hiyo. Pale ambapo kila mmoja anadhani mwenzake anamtazama, mtoto huwa hatazamwi na mtu.

Kabla ya kuondoka

Tiketi za basi zikatwe mapema, kwani wiki ya mwisho kabla ya tarehe 25 nafasi huwa adimu, na wapo wanaotumia mwanya huo kuuza tiketi kwa bei iliyozidi nauli elekezi ya LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini. Kama uwezo unaruhusu, mtoto aliyeanza kutembea akatiwe kiti chake mwenyewe. Kumpakata mtoto wa miaka mitatu kutoka Mbezi hadi Moshi, mwendo wa kilomita zipatazo 550, kunamchosha mzazi na kumchosha mtoto, na basi likifunga breki ghafla mikono ya mzazi haiwezi kumzuia.

Kadi ya kliniki isiachwe nyumbani. Watoto wengi hutimiza miezi tisa au kumi na minane, umri wa chanjo ya surua na rubella, wakiwa likizo, na wazazi huahirisha mpaka watakaporudi ilhali chanjo hutolewa bila malipo katika vituo vya umma hata huko kijijini. Pamoja na kadi hiyo iwekwe kadi ya bima kama ipo, kipimajoto, paracetamol ya maji inayolingana na uzito wa mtoto, pakiti za ORS za kuchanganya na maji mtoto akiharisha, na vidonge vya zinki. Dawa za antibiotiki zilizobaki kutoka ugonjwa uliopita hazifai kubebwa, kwa kuwa kishawishi cha kuzitumia bila vipimo huwa kikubwa mtu anapokuwa mbali na daktari wake.

Kuhusu nguo, wazazi wa Dar hukosea kwa kuangalia jua la mchana tu. Moshi mjini mwezi Desemba kuna joto, lakini ukipanda kuelekea Marangu, Machame, Kibosho, Uru au Rombo, usiku na alfajiri mtoto aliyezoea kulala na singlendi atatetemeka. Sweta mbili, soksi, kofia na suruali nzito za kulalia zina faida kuliko gauni la tatu la sikukuu.

Njiani

Mabasi yameruhusiwa kusafiri usiku tangu mwaka 2023, na wapo wazazi wanaopendelea safari ya usiku kwa hoja kwamba watoto watalala. Mimi nashauri safari ya alfajiri, hasa kwa mwenye gari binafsi, kwa sababu dereva mwenyewe ni mzazi aliyeshinda kazini na kufungasha mizigo, naye usingizi haumwachi. Ndani ya gari dogo mtoto akae nyuma, kwenye kiti cha watoto kilichofungwa vizuri. Kumkalisha mapajani kwa abiria wa mbele ni hatari hata mwendo ukiwa mdogo.

Watoto wanaotapika njiani wapewe chakula chepesi kama mkate mkavu, ndizi mbivu au viazi vya kuchemsha, wakalishwe mahali wanapoona barabara mbele, na wasitazame simu gari likiwa kwenye kona. Chipsi na maziwa mazito asubuhi ya safari ni kutafuta matatizo. Basi likisimama kwa ajili ya kuchimba dawa, mtoto ashuke hata akisema hana haja, kisha apewe maji kidogo kidogo. Kumnyima maji ili asisumbue hakufai, kwa kuwa joto la Segera hadi Same ni kali na mtoto mdogo hupungukiwa maji haraka. Anayejifunza kuacha nepi abebewe poti yake, na wazazi wasishangae akirudi nyuma kwa siku chache. Ugeni hufanya hivyo kwa watoto wengi.

Kufika, kusalimia na kulala

Mtoto anapofika, mara nyingi jioni akiwa amechoka, hukutana na watu kumi na zaidi wanaosubiri shikamoo yake. Akijificha nyuma ya kanga ya mama yake, watu wazima huanza kusema kwamba mtoto wa mjini hana adabu, na mzazi kwa aibu humvuta kwa nguvu. Ni afadhali kumwandaa siku kadhaa kabla kwa kumwonyesha picha za bibi, babu, shangazi na baba wadogo, akayajua majina yao na kuzoea kusema shikamoo kwa kila mmoja kwenye simu. Akifika akashindwa, aachwe apumzike. Kesho yake asubuhi atasalimia mwenyewe. Asilazimishwe kukumbatiwa wala kupakatwa na mtu asiyemtaka, hata kama mtu huyo ni ndugu wa karibu. Shikamoo ya kusimama kando ya mama inatosha.

Malazi yanastahili mazungumzo ya wazi kabla ya usiku wa kwanza. Nyumba ikijaa, watoto hulazwa mzungu wa nne kwenye godoro moja, wakubwa kwa wadogo, pamoja na mgeni yeyote aliyekosa nafasi. Najua desturi hii ina raha yake, na binamu wanaolala pamoja hupendana maisha yao yote. Hata hivyo ukatili wa kingono dhidi ya watoto mara nyingi hufanywa na watu wanaowafahamu, kwa hiyo mtoto wa chini ya miaka sita alale chumba kimoja na mzazi wake, hata kama ni kwenye mkeka. Watoto wakubwa kidogo walale pamoja kwa mpangilio ambao wazazi wanaujua, pasipo mtu mzima wala kijana mkubwa kuongezwa usiku wa manane. Mtoto aambiwe kwa maneno rahisi kwamba hakuna mtu anayeruhusiwa kumshika sehemu zake za siri na kumwambia iwe siri yao. Namba ya Huduma ya Simu kwa Mtoto, 116, hupigwa bure, na ni vizuri kila mzazi awe nayo.

Baridi ikizidi, jiko la mkaa lisiingizwe chumbani kwa watoto. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya kaboni monoksidi, ambayo haina harufu na huua watu wakiwa usingizini. Blanketi la ziada na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye taulo, ikaondolewa mtoto anapopanda kitandani, vinatosha.

Nani anamwangalia mtoto?

Hapa ndipo ninapowaomba wazazi wakae chini na kupanga kweli. Tarehe 24 na 25 mama yuko jikoni na wifi zake, baba yuko uani na kaka zake akichoma ndafu, yule mbuzi mzima wa sikukuu, bibi anapokea wageni, na dada wa kazi, kama alikuja, naye ametumwa dukani. Mtoto wa miaka miwili anazunguka peke yake katika eneo lenye moto wa kuni, sufuria zilizobandikwa kwenye mafiga, ndoo za maji, visu, ng'ombe zizini na magari ya wageni yanayorudi nyuma.

Panga zamu za saa mbili mbili, na kila zamu iwe na mtu mzima mmoja. Zamu inapobadilika, mtoto akabidhiwe kwa maneno yanayosikika: "Shangazi Neema, nakuachia Brayani sasa, amekula, bado hajalala mchana." Mpokeaji ajibu kwamba amempokea, na tangu hapo asishike kazi nyingine wala pombe mpaka amkabidhi mwingine. Baba naye awe na zamu zake kama wengine. Mtoto wa miaka minane asipewe zamu, hata awe mwerevu kiasi gani. Anaweza kumchezesha mdogo wake huku mtu mzima akiwaona.

Mambo matatu yatazamwe kabla wageni hawajaanza kuja. La kwanza ni jiko la kuni: uchorwe mstari chini au iwekwe benchi, na mtoto yeyote asipite hapo wakati sufuria ziko motoni. Akiungua, mahali palipoungua pamwagiwe maji safi ya bomba au ya jagi kwa dakika 20, pafunikwe kwa kitambaa safi, na apelekwe kituo cha afya. Dawa ya meno, mafuta na ute wa yai visipakwe. La pili ni maji. Mifongo, ile mifereji ya asili inayoshusha maji mlimani na kuyapitisha vihambani, ni fahari ya wazee wetu, lakini mtoto mdogo huzama hata kwenye maji machache, ikiwemo ndoo iliyoachwa nusu. Ndoo zifunikwe na pipa liwe na mfuniko. La tatu ni magari: yaegeshwe nje ya geti au upande mmoja wa uwanja, na dereva asirudi nyuma kabla mtu hajazunguka gari na kuhakikisha watoto wako wapi.

Chakula, mbege na wakwe

Mtoto ale kabla ya watu wazima. Uji wa asubuhi, chakula cha mchana saa sita na cha jioni saa kumi na mbili vibaki palepale, hata kama nyama bado inachomwa. Mtori ni chakula kizuri sana kwa mtoto aliyeanza kula, kwa kuwa ndizi husagika na nyama hupondwa humo humo. Maziwa ya ng'ombe wa nyumbani yachemshwe mpaka yaumuke, kwani maziwa mabichi hueneza ugonjwa wa brusela na hata kifua kikuu. Karanga, bisi, pipi ngumu na mapande ya nyama choma wasipewe walio chini ya miaka minne, kwa sababu huwakaba. Asali asipewe mtoto ambaye hajatimiza mwaka, na aliye chini ya miezi sita anyonye tu, bila maji wala uji wa kuonjeshwa.

Mbege huleta ugumu zaidi kwa sababu hutolewa kwa upendo. Babu huchovya kidole kwenye kata na kumlambisha mjukuu, akiamini anamkaribisha nyumbani. Mbege ni pombe, na mtoto hapaswi kupewa hata kidogo. Katika hali hii aseme mwenye kwao. Mkwe asiachiwe mzigo huo. Mume akiwa kwao aseme yeye: "Baba, huyu bado mdogo, kliniki wamekataza. Naomba umpe ndizi mbivu kwa mkono wako." Mzee amepewa kitu cha kumpa mjukuu wake, na heshima yake imebaki.

Siku yenyewe

Ibada za Krismasi huwa ndefu na makanisa hujaa. Kaeni karibu na mlango, mtoto awe ameshakula na kwenda haja, na mzazi mmoja awe tayari kutoka naye bila kuona aibu. Watoto wanaoigiza kuzaliwa kwa Yesu wapewe maji na kitu cha kutafuna kabla ya kuvalishwa. Baada ya ibada, usingizi wa mchana usifutwe kwa sababu ya kutembelea nyumba za ndugu. Nyumba mbili kwa siku zinatosha, na nyingine ziende siku ya tarehe 26. Usiku wa mwaka mpya, mtoto anayeogopa fataki akae ndani na mtu anayemzoea.

Watu wazima wakizungumza mambo ya ukoo, watoto wapewe kazi ndogo: kumpelekea ng'ombe majani pamoja na babu, kuokota mayai, kutazama maziwa yakikamuliwa. Bibi awaonyeshe makaburi ya wazee na isale, mmea wa jadi wa Wachaga, iliyopandwa mpakani, awatajie majina ya wazee hao. Mtoto wa miaka mitano huyashika majina hayo kuliko tunavyodhani, na zawadi ya dukani haiwezi kumpa kitu hicho.

Mtoto akiugua

Siku ya kwanza ulizia kituo cha afya kilicho karibu, na hospitali inayofuata: Huruma kwa walio Rombo, Kilema, Marangu, Kibosho au Machame kwa maeneo hayo, na KCMC kwa rufaa. Akiharisha, apewe ORS iliyochanganywa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, zinki kwa siku 10 hadi 14 kwa dozi ya umri wake, na aendelee kula na kunyonya. Akishindwa kunywa au kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege, akilegea au akipumua kwa shida, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa mkesha.

Akipata homa, wapo watakaosema kwamba huku juu hakuna malaria. Mtoto aliyetoka Pwani, Tanga au Mwanza anaweza kuja na vimelea mwilini, kwa kuwa dalili huanza siku saba au zaidi baada ya kuumwa na mbu. Mweleze mhudumu mlikotoka na tarehe mliyofika, na omba apimwe. Fanyeni vivyo hivyo homa ikija baada ya kurudi, hasa kama mlilala Kahe, TPC au sehemu nyingine za tambarare.

Kurudi

Msipange kurudi siku moja kabla ya shule kufunguliwa. Mtoto anayeanza chekechea au darasa la kwanza Januari anahitaji siku tatu au nne za kulala saa mbili usiku na kuamka saa kumi na mbili asubuhi, na fedha za sare na michango ziwe zimetengwa kabla ya kuondoka Dar, kwenye akaunti ambayo ndafu na zawadi hazitaigusa.