Nywele zifungwe kisogoni, helmeti ikae bapa

Kwa unayesuka na kuendesha baiskeli kila siku: usifunge nywele utosini ukivaa helmeti. Zishushe, uzifunge chini kabisa kisogoni, karibu na shingo, ili helmeti ikae bapa na ukingo wake uwe vidole viwili tu juu ya nyusi. Nimelijua hili wiki hii baada ya kusuka rasta. Kifundo cha utosini huinua helmeti, ikalalia nyuma na kuacha paji la uso wazi, na ukianguka kifudifudi hapo ndipo unapojigonga. Ukishazishusha, kaza upya kile kigurudumu cha kukazia kilicho nyuma ya helmeti na mkanda wa kidevuni, chini ya mkanda kipite kidole kimoja au viwili, kisha tikisa kichwa. Ikicheza, bado. Ndani yake kitambaa chembamba cha pamba hakina shida, tena kinanyonya jasho. Kilemba kinene kinaharibu kila kitu, kifunge ukishafika. Rasta nene zilizojaa kichwa kizima nazo hazikubali mbinu hii, hapo tafuta saizi kubwa zaidi. Na siku ukifumua, helmeti italegea: irekebishe kabla hujatoka.