Jaribu nepi za kitambaa hivi kabla hujanunua seti nzima

Wamama na wababa mnaotaka kutoka kwenye pampasi kuhamia nepi za kitambaa, nawaomba sana msikimbilie kununua dazeni mbili za aina moja. Mimi mtoto wa kwanza nilinunua zote za aina moja kabla hajazaliwa, amekuja ana vipaja vyembamba, kila nepi inaacha nafasi pembeni na mkojo unapita hapohapo. Wa pili nikajaribu kwanza ndo nikanunua, na hivi ndivyo nilivyofanya.

Hatua ya 1: chukua mbilimbili za kila aina

Kuna ile nepi ya mraba ya pamba, unakunja, unafunga na pini, juu unavalisha chupi ya plastiki. Watu wanaidharau eti ya kizamani ila kwa mtoto mchanga mi sijaona ya kuishinda, unaikunja kufuata mwili wake na inakauka haraka kuliko zote. Alafu kuna ya mfuko, nje haipitishi maji, ndani unachomeka pedi ya kunyonya mkojo, hii hata bibi au dada anayekusaidia anaivalisha bila kufundishwa sana. Na kuna ile iliyoshonwa kila kitu pamoja, kuvalisha ni rahisi kama pampasi ila kukauka ni shughuli. Kama pedi ni ya maikrofaiba (kitambaa cha nyuzi ndogondogo za plastiki) usiiweke moja kwa moja kwenye ngozi, inanyonya mpaka unyevu wa ngozi yenyewe na mtoto anawashwa, ikae ndani ya mfuko.

Hatua ya 2: fua kabla ya kuvalisha

Pamba mpya ina mafuta yake ya asili. Mwagia maji kidogo nepi ambayo haijafuliwa uone, maji yanakaa juu kama matone alafu yanateleza. Ifue na kuianika mara 4 au 5 alafu mwagia maji tena, yanazama papo hapo. Wengi wanasema nepi mbovu kumbe haijafuliwa vya kutosha.

Hatua ya 3: kuvalisha, hapa ndo penye kazi

Lastiki ya mguuni ikae kwenye mkunjo wa paja na kinena, pale chupi inapokaa, sio katikati ya paja. Tumboni vidole vyako viwili vipite bila kulazimisha. Kama kitovu hakijadondoka kunja sehemu ya mbele kwa chini ili isikisugue. Ukitumia pini, weka mkono wako kati ya pini na ngozi ya mtoto, bora ikuchome wewe. Mwisho zungusha kidole pembeni yote ya chupi ya plastiki uhakikishe hakuna kitambaa kilichochungulia, maana hata kipande kidogo kama ukucha kikibaki nje kinavuta mkojo kama utambi na unakuta nguo imelowa mpaka mgongoni wakati nepi yenyewe haijajaa. Ukivua ukakuta alama nyekundu imezama na haiondoki haraka, umebana sana, legeza.

Hatua ya 4: anza mchana, nyumbani

Siku za mwanzo usiku mwache na pampasi, hakuna ubaya. Mchana badilisha kila baada ya masaa 2 au 3, akijisaidia choo badilisha saa hiyohiyo. Kila aina ipe siku kadhaa na uandike mahali imevuja wapi, mguuni, tumboni au mgongoni, maana kuvuja mguuni mara nyingi ni kuvalisha, ila nepi iliyolowa chapachapa mpaka kwenye plastiki hiyo inataka pedi ya pili.

Hatua ya 5: kufua

Choo toa kwanza, suuza kwa maji ya baridi, ndo ufue kwa maji ya moto na sabuni ya kutosha, alafu suuza mpaka povu liishe. Dawa ya kulainisha nguo usiweke kabisa, inapaka kitambaa utando na kinaacha kunyonya, na mafuta ya mgando yanafanya vilevile, ukimpaka mtoto tandika kitambaa chembamba juu ya nepi. Madoa yaachie jua. Ukisikia harufu kali ya mkojo inayochoma pua hata baada ya kufua, sabuni ilikuwa kidogo au haikusuuzwa vizuri. Upele wenye vidoti vyekundu unaosambaa na hauponi baada ya siku 2 au 3, mpeleke kituo cha afya, unaweza kuwa fangasi.

Baada ya wiki mbili tatu utakuwa unajua unanunua nini. Mtoto mchanga anabadilishwa kama mara 10 hadi 12 kwa siku, kwa hiyo ukifua siku moja unaruka moja, 24 zinatosha, akikua zinapungua, na zile za mraba usizigawe, ukizikunja ndefu zinakuwa pedi nzuri za kuongezea usiku.