Namna ya Kumpima Mgombea wa Tuzo ya Mchezaji Bora wa WNBA

Anza kwa kuelewa kura za tuzo hii ya WNBA, ligi ya mpira wa kikapu ya wanawake ya Marekani, zinavyohesabiwa, kwa maana hapo ndipo wengi hukosea. Jopo la waandishi na watangazaji wa michezo huorodhesha wachezaji watano, na nafasi hizo hupewa pointi 10, 7, 5, 3 na 1. Mwaka 2023 Alyssa Thomas aliwekwa wa kwanza na wapiga kura wengi kuliko mwingine yeyote, lakini tuzo ilikwenda kwa Breanna Stewart, aliyepata pointi 446 dhidi ya 439 za Thomas, huku A'ja Wilson akifuata kwa 433. Kwa hiyo jiulize pia ni nani atakayekosekana kwa nadra katika nafasi ya pili na ya tatu.

Pima msimu wa kawaida peke yake. Mechi za mtoano zina tuzo zake.

Kisha tazama takwimu, lakini usiishie kwenye pointi za kufunga. Thomas alifikia kiwango kile kwa pasi za mabao na mipira ya kudaka baada ya mtupo kukosa kikapu, na kwa maoni yangu ulinzi, ambao takwimu huuonyesha kwa shida, unastahili uzito mkubwa zaidi. Tazama mechi nzima, ukiangalia timu inavyobadilika mchezaji huyo anapopumzishwa.

Mwisho, linganisha na historia: Cynthia Cooper alikuwa wa kwanza kuitwaa, mwaka 1997, na Wilson ameitwaa mara nne, ikiwemo 2024 alipochaguliwa na wapiga kura wote.